Dirii ya Ndala

Katika lugha yetu kuna maneno mawili ambayo sikio lenye haraka huweza kuyachanganya: digrii na dirii. La kwanza ni cheo cha elimu. La pili ni vazi ambalo askari wa zamani alilifunga kifuani ili mkuki usimfikie. Mimi nilitumwa na jamaa zangu Dar es Salaam kutafuta la kwanza. Niliporudi kwetu Ilagala nikashika kazi ya kutengeneza la pili, tena si kwa chuma wala kwa ngozi, bali kwa ndala kuukuu. Kisa chenyewe ni kidogo, lakini kilinifunza jambo ambalo sikulipata katika miaka mitatu ya mihadhara. Kwa hiyo naomba ruhusa ya msomaji nikieleze kama kilivyokuwa.

Ilagala iko kusini ya Ujiji, karibu na mahali ambapo mto Malagarasi huingia katika Ziwa Tanganyika. Watu wake hutegemea sana vitu viwili: michikichi na samaki. Mchikichi huwapa mawese. Ziwa huwapa dagaa na migebuka. Kaka yangu ni mtu wa ziwa. Baba yetu alipofariki, yeye alishika kasia na mimi nikashika kalamu, na kila muhula ada yangu ilitoka katika taa na nyavu zake. Nikisema kwamba digrii yangu ilivuliwa usiku, sisemi kwa mafumbo.

Mwaka 2024, kwa mapatano ya nchi zinazopakana na ziwa hilo, uvuvi ulisimamishwa ili samaki wapate kuzaana. Kwa upande wetu ziwa lilifungwa tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti. Nia ilikuwa njema, wala sikumsikia mvuvi mwenye busara aliyeikana. Lakini tumbo halijui mapatano. Mitumbwi ilipandishwa nchi kavu, taa zikatundikwa, na watu waliozoea kulala mchana wakaanza kulala usiku kwa shida. Mimi nalikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, na kazi sijapata. Nilifundisha watoto masomo ya ziada kwa malipo madogo, nikaweka akiba ya shilingi 65,000. Fedha hiyo niliihesabu mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Kaka yangu ana mwana aliyekuwa darasa la saba mwaka huo. Shule ilitayarisha mahafali, na katika mahafali igizo juu ya kufungwa kwa ziwa. Mtoto wetu alichaguliwa kuwa mlinzi wa ziwa, atakayewakamata wenye nyavu haramu. Jioni moja alinijia akaniambia, “Shikamoo, baba mdogo. Nataka kuvaa kama Bayek.”

Nikamwuliza Bayek ni nani. Akanieleza kwamba alipokuwa Kigoma mjini kwa shangazi yake aliwaona vijana wakicheza mchezo katika kibanda cha televisheni. Mchezo huo ni Assassin’s Creed Origins, uliotolewa na kampuni ya Ubisoft mwaka 2017. Ni mchezo wa watu wazima, una damu nyingi, na simsifu aliyemwacha mtoto autazame. Lakini alichokichukua mtoto hakikuwa damu. Alichukua sura ya mtu mmoja wa Misri ya kale, mlinzi wa nyika ya Siwa, mwenye ngozi na shaba kifuani, kitambaa cheupe kiunoni na ngao mgongoni. Mtu aliyempoteza mwanawe, akazunguka nchi nzima akiwatafuta waliomwua. Bayek huitwa Medjay. Jina hilo lilikuwa la watu wa jangwa la Nubia, na baadaye Wamisri wakalitumia kwa walinzi wao.

“Tena, baba mdogo,” akasema, “anayemsemea ni mtu wa huku kwetu. Anaitwa Abubakar.” Nilidhani ni porojo za kibandani. Nilipotafuta habari nikakuta ni kweli: sauti ya Bayek ni ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule wa 2024 alikuwa ametoa mchezo wake mwenyewe, Tales of Kenzera: ZAU, alioutunga kwa kumkumbuka baba yake marehemu. Basi yule alikuwa baba aliyefiwa na mwana, na huyu mwana aliyefiwa na baba. Sikumweleza mtoto hayo. Nilimwambia tu kwamba nitajaribu.

Kaka yangu alisikia. Alikuwa ameketi barazani akishona wavu usio na safari. Akasema pasipo kuinua uso, “Mdogo wangu, nilikusomesha upate digrii, nawe waniletea dirii.” Wote tukacheka. Mimi nilicheka kidogo kuliko wengine, maana mzaha ukiwa na ukweli ndani yake hauishi upesi masikioni.

Watu wanaotengeneza mavazi ya namna hii si wachache duniani. Mwaka 1939, katika mkutano wa wapenzi wa hadithi za sayansi uliofanyika New York, Myrtle Douglas na Forrest Ackerman walikwenda wamevaa mavazi ya watu wa zama zijazo, aliyoyabuni Bi Douglas mwenyewe. Wajapani wakaipa sanaa hiyo jina katika miaka ya 1980, na siku hizi Nairobi nayo ina vijana wanaoshindana kwa mavazi hayo. Nilisoma namna wanavyotengeneza dirii. Wengi hawatumii chuma. Hutumia sponji nyepesi na ngumu kiasi, ambayo wataalamu huiita EVA, inayouzwa kwa mikeka minene. Sponji hiyo ikipashwa moto hulegea. Ikikunjwa juu ya kitu cha mviringo na kuachwa ipoe, hubaki na umbo lile. Kisha huunganishwa kwa gundi na kupakwa rangi, na mtazamaji wa mbali huapa kwamba ni shaba.

Mikeka ile haikupatikana Ilagala, na kuiagiza kungemeza akiba yangu yote. Nikakata tamaa kwa siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa nikimtazama kaka akibadilisha maboya ya wavu, nikaona boya moja lina alama ya kidole gumba cha mguu. Lilikuwa limekatwa katika ndala. Wavuvi hufanya hivyo daima. Mimi mwenyewe nimekua nikiyaona maboya hayo, lakini mazoea ni pazia. Ndala nyingi hutengenezwa kwa sponji ile ile ya EVA. Niliyokuwa nikiitamani kwa mbali ilikuwa imetupwa ufukweni, mguu mmoja mmoja, pasipo mwenyewe.

Kutumia ndala kwa kazi kubwa si ndoto yangu peke yangu. Mwaka 2018 huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa taka za plastiki na kupambwa kwa ndala zipatazo 30,000. Na mwaka 2019 likasafiri hata Unguja. Nikajiambia kwamba kama ndala zaweza kuvika jahazi, hazitashindwa kumvika mtoto wa darasa la saba.

Tuliokota ndala za kila rangi. Lakini si kila ndala ni ya sponji. Nyingine ni za mpira au plastiki nzito, nazo hazifai. Tulizijaribu kwa beseni la maji. Iliyoelea juu kabisa kama jani tuliichukua. Iliyozama, au iliyoelea kwa kusitasita, tuliirudisha jalalani. Tukapata ndala njema 32. Nikazikata, nikazipasha kwa pasi ya mkaa juu ya kitambaa, nje penye hewa, kwa kuwa sponji ikiungua moshi wake ni mbaya. Nikazikunja juu ya sufuria. Nikanunua kopo la gundi ya viatu kwa shilingi 5,000, nikaunganisha vipande kuwa bamba moja la kifua. Lilipendeza. Nikalitundika usiku kucha likauke.

Asubuhi nilikuta vipande vimeanguka chini kimoja kimoja. Nilidhani nimeuziwa gundi mbovu, nikaanza kumlaumu mwuza duka moyoni. Mama akaokota kipande, akakinusa, akasema, “Mwanangu, hiki kina mawese.” Ilikuwa hivyo. Ndala nyingi tuliziokota karibu na mahali pa kukamulia mafuta, nami sikuziosha ila kwa maji matupu. Gundi haishiki penye mafuta. Hilo lajulikana na kila fundi viatu, lakini mimi sikuwa nimemwuliza fundi viatu. Gundi ilikuwa imekwisha, na mahafali yamekaribia. Mtoto alisimama mlangoni akatazama vipande vile, asiseme neno. Ningalipenda aseme.

Kaka yangu ndiye aliyevunja kimya. Aliinuka, akachukua vipande viwili, akavilaza kimoja juu ya kingine kama samaki anavyopanga magamba yake. “Mbona walazimisha kitu kiwe kimoja,” akasema, “na chenyewe ni vingi? Vishone.” Akatoa sindano ya nyavu na uzi.

Sikumwambia wakati ule, maana nalikuwa sijui, nililigundua baadaye. Alilolisema ndilo walilolijua mafundi wa Misri ya kale. Katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa na Howard Carter mwaka 1922, kulikutwa dirii ya magamba ya ngozi yaliyofungwa pamoja kwa kamba, safu hii ikilalia safu ile. Dirii ya namna hiyo hujikunja pamoja na mwili, na gamba moja likiharibika hubadilishwa pasipo kuivunja yote. Mtoto wetu hakupata dirii ya Bayek kama alivyoiona katika kioo; alipata iliyo ya Kimisri zaidi, kwa mkono wa mtu ambaye hajafika Misri wala hana haja nayo.

Tuliosha vipande kwa sabuni na majivu hata vikawa havitelezi. Kila ndala ilitoa magamba manne, jumla 128: mia moja ya kifua, safu kumi za magamba kumi, na 28 ya mabega mawili. Kaka alitoboa na kushona, mimi nilikata na kupima, mtoto alihesabu. Usiku huo, na siku zilizofuata, nilijifunza fundo la wavu, ambalo mtoto wa mvuvi hulijua kabla ya herufi. Mimi nililikosa kwa sababu kaka alinifukuza ufukweni kila nilipotaka kumfuata. “Nenda kasome,” alikuwa akisema. Sasa alinishika vidole na kunionyesha, nami niliona jinsi vyake vilivyokatwakatwa na nyuzi.

Dirii ilipokwisha kushonwa tuliipeleka ziwani kuisuuza. Mtoto aliivaa, akaingia maji ya magoti mahali wanapofulia kina mama, akajilaza chali. Hakuzama. Alitandaza mikono akacheka, akapiga kelele, “Baba, tazama! Yanibeba!” Watoto wengine wakakimbilia kumsukuma chini, naye kila mara akaibuka. Kisha akasimama, maji yakimchuruzika, akauliza swali ambalo hakulikusudia kuwa zito: “Baba, na wewe ukiwa huko mbali usiku, huvaa nini?”

Kaka hakujibu. Na jibu nilikuwa nalo mimi. Alivaa fulana na bukta. Kwa miaka yote aliyonilipia ada, alikwenda kilindini katika upepo wa kusini wa kiangazi pasipo kitu cha kumweka juu ya maji. Si kwamba hakujua kuna majaketi ya kujiokoa. Kila fedha ya jaketi ilipopatikana, palikuwa na barua ya chuo iliyotangulia. Nilitazama ndala zile 32 kifuani mwa mtoto, nikaona kwamba mimi nimetembea maisha yangu yote nimevaa dirii ya mtu mwingine.

Jioni kaka alimweleza mwanawe habari ya meli. Mwaka 1915 Wajerumani waliishusha majini Kigoma meli yao Graf von Götzen, iliyokuwa imeletwa kwa vipande kutoka Ujerumani. Vita vilipowazidi, mwezi wa Julai 1916, waliizamisha wenyewe katika maji yetu haya, karibu na mdomo wa Malagarasi, ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado mizima; na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. “Haikuokolewa na chuma chake,” kaka akasema. “Iliokolewa na mafuta, nayo yalipakwa kabla ya maji kuingia.” Alikuwa akimstarehesha mtoto kwa hadithi. Mimi niliisikia kama hukumu.

Nilifanya hesabu. Gundi ya viatu ilikuwa shilingi 5,000. Kitambaa cheupe cha mtumba 2,000. Rangi ya dhahabu 4,500. Gundi ya seremala, niliyoichanganya na masizi ya sufuria kuwa rangi nyeusi ya chini, 1,500. Uzi ulikuwa masalio ya nyavu, na ndala hazikuwa na bei. Jumla 13,000. Nilibakiwa na 52,000, ambazo nilikuwa nimezitenga kwa nauli ya kwenda kutafuta kazi. Siku ya pili nikapanda gari kwenda Kigoma, nauli 8,000 kwenda na kurudi, nikanunua jaketi la kujiokoa kwa 42,000. Nilirudi na shilingi 2,000.

Hapana budi niseme wazi, asije mtu akaniiga vibaya. Dirii ya ndala si jaketi la kujiokoa. Huelea, lakini mtu akizimia majini haimgeuzi wala haimwinui kichwa, na dhoruba haingojei fundo lishike. Jaketi la kweli limeundwa ili pua na kinywa vibaki juu hata mwenyewe akiwa hana nguvu. Ile ilikuwa ya igizo. Hili lilikuwa la ziwa.

Kaka alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama, akalirudisha. Alisema litamtia joto, litamzuia kuvuta wavu, na wenzake watamcheka. Nikamwambia, “Kaka, ulinivika miaka yote wala hukuniuliza kama nasikia joto.” Akanyamaza. Sijui kama nilisema kwa adabu. Najua nilisema kweli.

Mahafali yalikuwa Jumamosi tarehe 24 Agosti. Ziwa lilikuwa limekwisha funguliwa, lakini mwezi ulikuwa umetoka kuwa mpevu, na wavuvi wa dagaa huhitaji giza ili taa zao zivute samaki. Hivyo ufukwe mzima ulikuwa uwanjani. Mtoto wetu alitokea katika dirii yake. Nilikuwa nimepaka nyeusi yote, kisha nikapitisha rangi ya dhahabu juu juu kwa brashi karibu kavu, mabonde yakabaki na giza, na jua lilipoipiga ikawa shaba tupu. Watu walishangilia. Wazee waliuliza imegharimu kiasi gani, na walipoambiwa wakatazama miguu yao. Katika igizo, mlinzi wa ziwa alimkamata mvuvi haramu, na kabla ya kumwachia alimwuliza swali ambalo halikuwa katika maneno ya mwalimu: “Na jaketi lako liko wapi?” Watu walicheka sana. Kaka yangu alitazama chini.

Juma lililofuata giza lilirudi, na mitumbwi ikatoka. Usiku wa kwanza kaka alilichukua jaketi. Nilimwona akiliweka juu ya ubao wa mtumbwi na kulikalia. Usiku wa pili vivyo hivyo. Kila alfajiri mtoto alikwenda ufukweni, si kuhesabu dagaa, bali kulipapasa jaketi mabegani aone kama mikanda imelowa jasho la mtu. Asubuhi ya tatu alirudi mbio nyumbani, akaniamsha. “Baba mdogo,” akasema, “imelowa.”

Mimi bado nadaiwa, maana deni la kaka yangu si la shilingi 42,000. Lakini nimeacha kuona haya kwa neno lile la mzaha. Mtu aliyevikwa na wengine akapata elimu, elimu hiyo na impe angalau macho ya kuona nani amebaki wazi. Ndala zipo kila mahali, na uzi haukosekani. Kilichokuwa adimu Ilagala mwaka ule kilikuwa swali, nalo lilikuja katika kinywa cha mtoto aliyekuwa akicheza.